Kutafuta na kufuatilia matibabu ya ugumba katika hospitali za umma nchini Uganda

Mume na mke wakikutana kwa miezi 12 bila kinga na mimba isitungwe, madaktari huuita ugumba. Mwanamke aliyevuka miaka 35 hushauriwa asisubiri zaidi ya miezi 6. Muda huo ukitimia, nendeni pamoja katika kituo cha afya cha ngazi ya nne au hospitali ya wilaya, na kila mmoja afunguliwe kumbukumbu zake. Desturi ya kumtuma mke peke yake, akahangaika na vipimo mwaka mzima huku mume amekaa nyumbani, inapoteza muda na fedha, ilhali kipimo cha mbegu za kiume ni chepesi kuliko karibu vyote anavyofanyiwa mwanamke. Mume ajizuie siku 2 hadi 7 kabla ya kutoa sampuli, nayo ifike maabara ndani ya saa moja bila kupata baridi.

Kwa mke, picha ya eksirei ya mirija ya uzazi hupigwa hedhi ikishakwisha na kabla yai halijapevuka, kwa hiyo tarehe za hedhi ziandikwe mapema. Msikubali picha hii iahirishwe ovyo, kwa kuwa katika eneo letu la Afrika mirija iliyoziba ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya ugumba, na mara nyingi huzibwa na magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, kama kisonono au klamidia, au na maambukizi yanayofuata uzazi au kuharibika kwa mimba. Kituo kisipokuwa na mashine, ombeni barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa, kama ya Mbale, Gulu au Mbarara. Kesi ngumu zaidi huelekezwa Kampala, katika Hospitali Maalumu ya Wanawake na Watoto Wachanga ya Mulago, iliyofunguliwa mwaka 2018.

Ada katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Mkidaiwa fedha, ulizeni ni za upande upi na mdai risiti. Malipo yasiyo na risiti yaripotiwe kwa uongozi wa hospitali au kwa Kitengo cha Ikulu cha Kufuatilia Huduma za Afya.

Tangu mtoto wa kwanza wa Uganda aliyetungwa maabara azaliwe mwaka 2004, katika hospitali binafsi ya Kampala, mazungumzo ya ugumba yameelemea teknolojia hiyo ya gharama kubwa. Kwa maoni yangu, anayetaka kufuatilia huduma za umma aanzie chini, kwenye kituo cha kata: je, dawa za magonjwa ya zinaa zipo mwaka mzima, wenzi nao hutibiwa, na wanaopewa rufaa huandikwa mahali ili ijulikane kama walifika? Maswali hayo yaulizwe kwa kamati ya usimamizi wa kituo, kisha kwa afisa wa afya wa wilaya, na yarudiwe hadharani katika baraza la wananchi. Mkinyimwa takwimu, andikeni ombi kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005, ambayo huipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Ombeni idadi tu, kamwe si majina, maana aibu ya ugumba imevunja ndoa nyingi na siri ya mgonjwa ni haki yake.

Anayekwenda kliniki binafsi ahakikishe kwanza kwamba ina leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo ndilo pia hupokea malalamiko dhidi ya daktari. Asitie saini ridhaa ambayo hajasomewa kwa lugha anayoielewa.

Majibu mtakayoyapata yapelekeni kwenye mkutano wa bajeti wa wilaya, kwa kuwa mpango wa awali wa bajeti ya taifa hufika Bungeni ifikapo tarehe 31 Desemba, na dawa ambayo haikuombwa kabla ya hapo ni vigumu kuingizwa baadaye.