Somo: Namna ya kuyasoma maisha ya William Ogden, meya wa kwanza wa Chicago

Ndugu zangu, wengi wetu tukisoma habari za meya hukimbilia siku aliyochaguliwa. Kwa Ogden ukianzia hapo utapotea, maana umeya wake ulidumu mwaka mmoja tu. Chukueni daftari, twende polepole.

Hatua ya kwanza: anza na ardhi. Shemeji yake, Charles Butler, aliingia katika ununuzi wa ardhi ya Chicago ya dola 100,000. Mwaka 1835 akamtuma Ogden, mzaliwa wa Walton, jimbo la New York, akaiangalie. Ogden alikuta nyasi ndefu na matope ya kuzamisha miguu, akamwandikia shemeji yake kwamba amefanya upumbavu mkubwa. Hata hivyo akaikata viwanja, akapiga mnada, na theluthi moja tu ya ardhi ile ikarudisha fedha zote. Hapa simama. Mwaka 1833 Wapotawatomi, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walitia saini mkataba wa kuiachia Marekani nchi yao, na Ogden alipofika walikuwa wanahamishiwa ng'ambo ya mto Mississippi. Ukiandika faida yake bila kuwataja wao, umeandika nusu ya habari.

Hatua ya pili: umeya, upite haraka. Chicago ilifanywa jiji Machi 1837, ikiwa na watu elfu nne na ushei. Mei 2 Ogden akamshinda John Kinzie kwa kura 489 dhidi ya 217. Siku nane baadaye benki za New York zikaacha kuwabadilishia watu noti kwa sarafu za dhahabu na fedha, na bei za viwanja zikaporomoka. Wenye madeni walitaka mahakama zisimamishe kesi za madeni. Ogden, naye akiwa anadaiwa, aliwasihi wasilitie jiji aibu. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa la mwaka ule.

Hatua ya tatu: reli. Hapa kaa sana. Reli ya Galena na Chicago ilipata kibali mwaka 1836, kisha ikalala miaka kumi na zaidi. Mwaka 1847 Ogden aliifufua, lakini wafanyabiashara wengi wa mjini walisitasita: mkulima akija na mkokoteni hulala mjini na kununua dukani, je, reli ikimpelekea duka kijijini? Basi Ogden akapanda farasi akaenda kwa wakulima wenyewe, kijiji hadi kijiji, akiwauzia hisa za kulipa kidogo kidogo. Watu waliochoka kuona magurudumu yakikwama kwenye matope walinunua. Oktoba 1848 injini iliyoitwa Pioneer, iliyokuwa imetumika kwingine, ilitoka mjini maili chache tu, na msafara ukarudi na ngano ya mkulima waliyemkuta njiani.

Hatua ya nne: andika Oktoba 8, 1871 katikati ya ukurasa. Usiku huo moto uliiteketeza Chicago, na nyumba ya Ogden pia. Usiku huohuo Peshtigo, Wisconsin, kulikokuwa na kampuni yake ya mbao, kuliungua, na watu zaidi ya elfu moja wakafa. Alifariki New York mwaka 1877.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mtaji wa kwanza alipata wapi?
Marahaba. Tangu ujana alishika biashara ya familia, baba yake alipougua. Chicago alikuja na fedha za matajiri wa mashariki, akawa wakala wao, naye akinunua vyake. Baadaye aliingia ubia na Cyrus McCormick katika kiwanda cha mashine za kuvunia.

Mwalimu, kuhusu utumwa alisimama wapi?
Swali zuri, dada. Alikuwa katika seneti ya Illinois kwa chama cha Republican, lakini aliachana na Rais Lincoln kwa kuona tangazo la kuwaachia huru watumwa limekuja mapema mno. Liandike wazi. Waliokuwa kwenye minyororo hawakuwa na cha kungojea.

Nimesoma kwamba nyumba ya Ogden ilinusurika motoni. Kaka, umekosea?
Hiyo ilikuwa ya Mahlon, mdogo wake, upande wa kaskazini wa mto. Leo hapo pana maktaba ya Newberry.