Kuzalisha Midas nyumbani Arusha bila dume kuua jike

Siklidi ni samaki wa ukoo mmoja na perege na sato, ila Midas, siklidi wa mapambo anayefugwa kwenye tangi la kioo, kitaalamu Amphilophus citrinellus, ni mkorofi kuliko wote unaoweza kukutana nao sokoni Kilombero. Asili yake ni Nikaragua na Kosta Rika. Dume hufika sentimita 25 hadi 30, na akishakomaa tangi lote ni lake. Ukorofi huo hauishi kwa kumshibisha wala kwa kumwekea wenzake. Dawa yake ni kizuizi cha wavu kati ya dume na jike, na hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Tangi

Sentimita 180 × 60 × 60, kioo cha milimita 12. Likijazwa hadi sentimita 55 linabeba lita 594. Jumlisha kioo chenyewe, kama kilo 120, na mchanga: meza inabeba karibu kilo 800. Mwambie fundi achomelee skwea paipu ya inchi mbili. Chini ya tangi tandika stairofomu, ile nyeupe inayofungiwa TV, kwa sababu punje moja ya kokoto inatosha kupasua kioo. Silikoni isiwe ya bafuni. Ile ina dawa ya ukungu inayoua samaki. Iache ikauke wiki nzima.

Mawe makubwa yatangulie, yakae juu ya kioo cha chini, ndipo umwage mchanga. Ukianza na mchanga, Midas atachimba chini ya jiwe na jiwe litaangukia kioo. Mfuniko ni lazima, wanaruka.

Hatua ya 2: Maji na joto

Maji mengi ya upande wa Meru yana alkali na floraidi. Alkali isikutishe: baadhi ya maziwa ya kwao Midas ni ya kreta kama Duluti, nayo yana alkali. Kinachoua ni amonia, sumu inayotokana na taka za samaki. Kwenye nyuzi 28, sehemu ya amonia inayogeuka kuwa sumu kwenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 8 ni karibu mara tisa ya ile ya pH 7. Kwa hiyo washa filta wiki nne hadi sita, ukitia amonia kidogo kidogo bila samaki ili bakteria wanaoila waote ndani ya filta, mpaka kipimo cha amonia na cha nitriti vyote visome sifuri. Ukipata spongi chafu ya filta kutoka tangi lenye samaki wazima, muda huo unapungua sana.

Filta mbili zenye jumla ya lita 3,000 hadi 3,500 kwa saa zinatosha. Ongeza pampu ya hewa. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko Tanga. Moshi ni nafuu kidogo.

Hita ziwe mbili za wati 300, si moja ya 600. Moja ikigoma kuzima haitachemsha tangi; ikifa, ya pili itapunguza kasi ya kupoa. Zifiche nyuma ya wavu kwenye kona, dume huzipiga kwa mkia. Zichomoe kabla ya kutoa maji.

Kila wiki badilisha asilimia 30, kwa maji yaliyolala kwenye simtanki usiku mzima huku pampu ya hewa ikitoa klorini. Julai maji hayo yanaweza kuwa nyuzi 16, na asilimia 30 yake itashusha tangi kutoka 28 hadi kama 24. Wiki hiyohiyo utaona ugonjwa wa vidoa vyeupe mwilini mwa samaki. Changanya na maji ya moto kwanza.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, usiwashe filta ya mkebe (ile iliyofungwa, inayokaa nje ya tangi) kabla ya kuifungua na kumwaga maji yaliyomo. Bakteria wake hufa kwa kukosa hewa, na uchafu ule ukirudi tangini samaki wanapinduka.

Hatua ya 3: Kupata jozi

Usinunue dume na jike wakubwa ukawatupa pamoja. Chukua wadogo sita hadi wanane, wakuze pamoja, wachaguane wenyewe wakifika sentimita 10 au 12, kisha ondoa waliobaki. Nundu ya kichwani si ushahidi kamili wa dume. Angalia kijibomba cha uzazi: cha dume kimechongoka, cha jike ni kipana na butu. Dume awe mkubwa waziwazi. Hatua inayofuata inategemea hilo.

Hatua ya 4: Kizuizi

Tumia wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya milimita 12. Gawa tangi: sentimita 120 za dume, 60 za jike. Ushikilie kwa vipande vya kioo vilivyogundishwa kwa silikoni kama reli. Chini ufike kwenye kioo, si juu ya mchanga, kwa sababu watachimba na kupita. Juu ufike kwenye mfuniko.

Kwenye kona ya chini kata kamlango. Pima kimo cha mwili wa jike, ongeza nusu sentimita, basi. Jike anapita, dume anakwama kichwa. Jike anamfuata dume akitaka mwenyewe, na akikimbizwa ana pa kurudi.

Kamlango kakae kamefungwa wiki ya kwanza. Kafungue asubuhi ya siku utakayoshinda nyumbani, jike akianza kusugua jiwe kwa mdomo na vijibomba vya wote wawili vimetokeza. Kung'atana midomo ni kawaida. Jike akijibanza kona ya juu, mapezi yamefungwa na magamba yameng'oka, funga palepale. Ukisema umwangalie hadi jioni utamkuta amekufa.

Kama wamelingana ukubwa, usifungue kabisa. Weka kigae bapa kwa jike, kikigusa wavu, na elekeza maji ya filta yatoke upande wa dume kwenda kwa jike. Mbegu itapita na maji. Mayai yatakayorutubishwa ni machache, lakini jike atakuwa hai.

Hatua ya 5: Mayai na vifaranga

Mayai ni mamia, wakati mwingine zaidi ya elfu. Meupe kama chokaa hayakurutubishwa na yataota ukungu. Jozi changa ikila mayai ya kwanza, waache. Kwenye nyuzi 28 huanguliwa siku ya tatu hivi, na vifaranga huogelea baada ya siku nyingine nne au tano. Wakianza, wape artemia, vijiduvi vidogo vya maji chumvi unavyoangua mwenyewe kutoka mayai makavu: gramu 25 za chumvi kwa lita, hewa kwa nguvu, saa 24 hadi 36. Lisha mara tatu au nne kwa siku. Utawaona wakidonoa ubavu wa wazazi. Wanakula ute wa ngozi.

Kabla ya kuwahamisha, funga kamlango. Wazazi walionyang'anywa watoto ghafla hugeukiana, na anayelipa ni jike.

Wapange kwa ukubwa kila wiki mbili, la sivyo wakubwa watakula wadogo. Waliozidi usiwamwage Themi, Duluti wala Nyumba ya Mungu. Ziwa Chala lina perege wake, Oreochromis hunteri, asiyepatikana popote pengine duniani, na mgeni mlafi kama huyu ndiye wa kumfuta.

Wakiwa wadogo wote ni wa kijivu na ni baadhi tu watakaogeuka dhahabu baadaye, kwa hiyo usimuuzie mtu "wa dhahabu" wa sentimita 4. Wa kusafirishwa kwa basi la Dar wafunge kula siku moja, theluthi ya mfuko maji, theluthi mbili oksijeni, ndani ya boksi la stairofomu.