Kutoka Unguja na Pemba kwenda kujitolea Ujerumani: makaratasi, safari na wiki mbili za mwanzo

Mwongozo huu ni wa kijana wa Unguja au Pemba anayetafuta nafasi ya kujitolea Ujerumani kwa mwaka mmoja, au aliyekwisha kuipata na hajui aanzie wapi. Njia ninayoieleza ni programu ya weltwärts ya Wizara ya Maendeleo ya Ujerumani. Ilianza mwaka 2008 ikiwapeleka vijana wa Kijerumani nchi za nje, na tangu 2013 inawapokea na vijana wa kwetu, wenye umri wa miaka 18 hadi 28. Ukifika kule, kisheria unakuwa ndani ya utumishi wa hiari wa serikali yao, Bundesfreiwilligendienst. Jina ni refu, lakini lizoee kulisoma, maana litakuwepo kwenye mkataba wako na kila ofisi italitaja.

Huombi ubalozini, wala huombi kwa dalali. Unaomba kwa shirika la hapa nyumbani lenye ushirikiano na shirika la Ujerumani. Shirika likikuchagua, programu ndiyo inayobeba nauli, malazi, chakula na bima, na wewe unapewa pesa kidogo ya matumizi kila mwezi. Kwa hiyo mtu akikwambia utoe mamilioni ili "akutengenezee nafasi", mwache hapo hapo, hata akiwa jamaa yako.

Majina kwanza

Kabla ya pasipoti, tandika mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kitambulisho cha Taifa na vyeti vya skuli, ukague jina herufi kwa herufi. Kwetu Khamis na Hamisi ni mtu mmoja. Kwa Mjerumani aliyekaa mbele ya kompyuta ni watu wawili. Likitofautiana, anza na barua ya sheha, kisha nenda kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ulirekebishe mapema, kwa sababu kazi hiyo haiendi mbio. Pasipoti ya kielektroniki huombwa Uhamiaji, fomu ikijazwa kwenye mtandao, na gharama yake ni shilingi 150,000.

Mtihani wa mwanzo wa Kijerumani unaweza kuufanya Goethe-Institut, Dar es Salaam. Shirika lisipokulazimisha, jifunze hata hivyo. Utakaofanya nao kazi ni watoto wa chekechea, wazee au walemavu, na wengi wao hawatakuwa na Kiingereza cha kukusaidia.

Kuna karatasi moja ambayo watu huisahau: kadi ya kliniki ya utotoni. Tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inamtaka kila anayefanya kazi kwenye chekechea, skuli au hospitali, akiwa amezaliwa baada ya 1970, athibitishe chanjo ya surua, na kwa mtu mzima zinatakiwa dozi mbili. Muulize mama alikoihifadhi kadi. Ikiwa imepotea, nenda hospitali uchanjwe na uandikiwe kwenye kijitabu cha chanjo. Ukifika bila ya ushahidi huo, kituo hakiruhusiwi kukupa kazi.

Viza

Ubalozi wa Ujerumani uko Dar es Salaam, jengo la Umoja House. Miadi huchukuliwa kwenye mtandao, nawe ichukue mara tu mkataba ukishatiwa saini. Unayoomba ni viza ya taifa, ya kukaa muda mrefu. Ile ya utalii ya siku 90 haikufai, na huwezi kuingia nayo halafu ukaibadilisha huko huko. Ada ni yuro 75, ila uliza shirika lako kama wewe umesamehewa. Anayetoka Pemba apange boti ya Mkoani au Wete hadi Unguja siku mbili kabla ya miadi. Bahari ya kusi haijali miadi ya mtu.

Viza ikitoka, isome papo hapo dirishani. Tazama jina, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Huruhusiwi kuingia hata siku moja kabla ya tarehe ya kuanza. Tarehe ya mwisho nayo ndiyo itakayokwambia kama utalazimika kuomba kibali cha ukaazi baada ya kufika, au viza yenyewe imeufunika mwaka mzima.

Begi na uwanja wa ndege

Mkataba, barua ya mwaliko, karatasi ya bima, kijitabu cha chanjo na anwani kamili ya unakokwenda viwe kwenye mkoba wa mkononi, vimechapwa. Usitegemee simu. Afisa wa mpaka atakuuliza unakuja kufanya nini, nawe mjibu kwa ufupi: kujitolea, mahali fulani, muda fulani. Mkabidhi mkataba pamoja na pasipoti.

Mama zetu hutufungia vyakula, na hili lataka tahadhari. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, kwa hiyo samli na nyama kavu ziache nyumbani. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, embe likiwemo. Ndizi, nanasi, nazi, tende na hata duriani hazikitaki, lakini duriani litakukosanisha na shirika la ndege. Viungo vya pilau vilivyosagwa, vikafungwa vizuri, vichukue. Utavihitaji Novemba.

Anwani ndiyo mlango wa yote

Kule huna sheha wa kukujua kwa sura. Kinachokujulisha kwa serikali ni anwani yako iliyosajiliwa, na sheria inakupa wiki mbili za kuisajili tangu uhamie kwenye nyumba hiyo. Kabla ya usajili huo, mengine yote hukwama.

Siku ya kwanza au ya pili, mwombe mwenye nyumba, au familia iliyokupokea, karatasi inayothibitisha kuwa umehamia kwao. Inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa pango hautoshi kuwa badala yake. Chukua karatasi hiyo pamoja na pasipoti uende ofisi ya wakaazi, ambayo miji mingi huiita Bürgeramt. Kwenye miji mikubwa miadi hujaa, kwa hiyo lishirikishe shirika likuwekee miadi hata kabla hujapanda ndege. Ukitoka humo utapewa cheti cha usajili. Kitoe nakala kadhaa.

Siku hiyo hiyo, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Nalisisitiza hili kuliko mengine yote. Kadi ya bima ya afya, namba ya kodi, namba ya hifadhi ya jamii, barua ya benki, vyote huja kwa posta, na mpeleka barua asipoliona jina huirudisha barua ilikotoka. Liandike jina la mwisho kama lilivyo kwenye pasipoti. Kwetu jina la mwisho aghalabu ni la babu, na kuna vijana hujisikia vibaya kuitwa kwa jina la babu badala ya lao. Vumilia, maana barua zitaandikwa hivyo hivyo.

Ndani ya barua hizo huenda ikawemo moja inayodai ada ya redio na televisheni. Usiitupe. Ada hii hulipwa mara moja kwa kila nyumba, si kwa kila mtu, kwa hiyo kama familia au wenzako wa nyumbani wanalipa, unajibu kwa kuandika namba yao ya malipo.

Kama viza yako ya taifa imetolewa kwa miezi mitatu tu, hatua inayofuata ni ofisi ya wageni, Ausländerbehörde. Peleka ombi la kibali kabla viza haijamalizika, uchukuliwe alama za vidole na picha. Kadi huchelewa. Kadi isipokuwa tayari, dai karatasi ya muda, Fiktionsbescheinigung, inayoonyesha kuwa uko nchini kihalali.

Saa, sala na kazi

Miadi ya 14:00 ni saa nane mchana. Fanya hesabu hiyo mpaka izoeleke. Kuchelewa dakika kumi ofisini mara nyingi ni kuikosa nafasi yako. Kule wako nyuma yetu kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi.

Kibla, ambacho huku tunaelekea kaskazini, kule ni kusini-mashariki. Desemba, Berlin, Magharibi huingia karibu na saa kumi alasiri. Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku. Zungumza na msimamizi wako wiki ya kwanza kuhusu sala ya Ijumaa, Ramadhani na nyama. Ukiuliza mapema hupangwa vizuri. Ukinyamaza miezi miwili, ratiba huwa imeshafungwa.

Namba za dharura ni 112 kwa gari la wagonjwa na zimamoto, 110 kwa polisi. Ukiugua usiku bila ya hatari kubwa, piga 116117, daktari wa zamu.

Na ikiwa kituo ulichopangiwa hakikufai, au unafanyishwa kazi zilizo nje ya mkataba, usikae kimya kwa kuona haya, wala usihame mwenyewe. Mwambie anayekusimamia kwenye shirika, kwa maandishi. Kubadilisha kituo kunawezekana, lakini viza na kibali chako vimefungwa na mkataba, kwa hiyo ofisi ya wageni lazima ijulishwe kabla hujaanza kazi mahali papya.