Kesi yako ya uhamiaji inasikilizwa kwa Webex? Soma hii kabla ya siku yenyewe

Ndugu zangu mlioko Marekani mnaosubiri kesi za hifadhi, tusidanganyane kwamba kesi ya Webex, ile programu ya kuonana kwa video kwenye simu, ni nyepesi kuliko ya kwenda mwenyewe. Jaji ni yuleyule, wakili wa serikali yupo, na usipoonekana jaji anaweza kutoa amri ya kuondolewa nchini wewe ukiwa umelala.

Anza na notisi, ile barua ya mahakama inayokuambia siku na saa ya kesi, na isome vizuri jamani. Kuna kaka mmoja tunasali nae, notisi yake iliandikwa 04/09, akaihesabu kama tulivyozoea nyumbani, tarehe nne mwezi wa tisa, kumbe Wamarekani wanaanza na mwezi kwaiyo kesi ilikuwa tarehe 9 mwezi wa nne, yeye anakuja kushtuka bahasha imeshafika na amri ndani. Kuomba kesi ifunguliwe tena inawezekana, na kama ulikwamishwa na dharura kubwa una siku 180, lakini kusoma tarehe vibaya sio dharura watakayokukubalia kirahisi. Saa nayo hivyohivyo. 8:30 AM kwetu ni saa mbili na nusu asubuhi, sasa mwambie mtoto aliekulia huku akuwekee alamu ya saa mbili na nusu uone, atakuwekea 2:30. Halafu hiyo ni saa ya mji ilipo mahakama, sio ya mji unaoishi wewe.

Angalia pia kama notisi inasema Webex au inasema ufike mwenyewe. Kama imeandika ufike, usijiamulie kubaki nyumbani, hapo lazima uombe kwa maandishi mapema na jaji akubali. Kuhakikisha tarehe piga 1-800-898-7180, ni simu ya mashine, bure, unaingiza ile namba yako ya uhamiaji inayoanza na A. Ukihama nyumba jaza fomu ya kubadilisha anwani mahakamani, EOIR-33, ndani ya siku 5 za kazi, maana barua zinakwenda kwenye anwani waliyonayo wao, na kumwambia wakili peke yake haitoshi mpaka fomu iingie.

Linki ya kuingia Webex inapatikana kwenye tovuti ya EOIR, ile ofisi inayosimamia mahakama za uhamiaji, unatafuta mahakama yako na jina la jaji wako. Ijaribu siku moja kabla. Jina litakaloonekana kwenye skrini liwe lile la kwenye notisi, sio Mama Neema wala Baba Junior. Chaji iwe imejaa na waya uwe karibu, simu isimame imeegemea kitu, usiishike mkononi maana picha inayumba. Kaa chumba chenye mlango, watoto wawe kwa jirani, na kile king'ora cha moshi kinacholia pii kila dakika kwa sababu betri imeisha, kibadilishe betri leo. Na nyie madereva wa malori nawaomba sana, msijiunge mkiwa barabarani, jaji akiona unaendesha hawezi kuendelea na wewe.

Vaa kama unaenda ibadani, vua kofia ya kapelo, usile, usitafune bigijii. Utasubiri pengine masaa mawili huku wengine wanaitwa, usitoke. Zima maiki mpaka uitwe jina. Kurekodi hairuhusiwi kabisa, hata kapicha ka kumtumia wakili.

Sasa lugha, hapa ndipo tunapoumia zaidi. Mkalimani ni wa mahakama na hulipi, lakini Kiswahili cha Uvira sio cha Tanga. Kama lugha yako ya moyoni ni Kibembe au Kinyamulenge, sema mwanzoni kabisa, usione aibu, na kama humwelewi mkalimani mwambie jaji palepale, "Mheshimiwa, sijaelewa." Ukikaa kimya wanaandika kwamba umeelewa. Ongea sentensi mbili tatu, nyamaza, muache atafsiri. Na usijibu kwa kutikisa kichwa wala "mmh" au kunyanyua nyusi kama tunavyofanya, kinachorekodiwa ni sauti, kwaiyo sema ndiyo au hapana. Mtu akikunong'oneza majibu pembeni, hata mume wako, wanaweza kuona ushahidi umepikwa. Karatasi nazo zinatumwa mahakamani kabla, hazinyanyuliwi mbele ya kamera.

Kama huna wakili, kesi za mwanzo unaweza kumuomba jaji muda wa kumtafuta, mkalimani wanakupa ila wakili serikali haikulipii.

Mtandao ukikatika rudi kwenye linki hapohapo, ukigoma piga simu mahakamani na uandike saa uliyopiga. Na usitoke mpaka jaji aseme tarehe ijayo. Iandike mwezi kwa herufi, Aprili, sio 04, halafu muombe mkalimani airudie.