Ofisi ya kijani Arusha na Moshi: anza na jua

Kabla hujanunua meza wala feni, tafuta chaki. Ingia kwenye chumba kikiwa kitupu saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni, na kila mara chora mstari sakafuni pale jua linapoishia. Mistari hiyo ndiyo itakayoonyesha nani akae wapi na dirisha gani lina shida. Juni jua hupita upande wa kaskazini na Desemba upande wa kusini, kwa hiyo tegemea mistari kusogea.

Madirisha ya kaskazini na kusini hayasumbui. Tupo karibu na ikweta, jua la mchana linakaa juu. Kwa dirisha la urefu wa sentimita 120, paa lililotokeza sentimita 60 usawa wa juu ya dirisha linatosha kuzuia jua la mchana kaskazini hata Juni. Kusini, sentimita 45 zinatosha. Kazi iko magharibi. Kuanzia saa 9 alasiri jua huingia kwa chini na paa halizuii kitu. Pazia la ndani nalo linakuwa limechelewa, maana joto limeshapita kwenye kioo. Kinga iwekwe nje: simamisha fremu ya mbao na nyaya, sentimita 40 kutoka ukutani, kisha upandishe pasheni. Uipogoe mara kwa mara isifike kwenye gata, la sivyo majani yataziba njia ya maji wakati wa masika.

Moshi, hasa Januari hadi Machi, hewa lazima ipite. Dirisha moja halitoshi. Panahitajika tundu upande wa pili wa chumba ili upepo upate pa kutokea. Dirisha la alminiamu la kusukuma pembeni hufunguka nusu tu, basi kama bado hujaagiza, chagua la bawaba. Wavu wa mbu ukijaa vumbi unaziba hewa: usugue kwa brashi kavu kila wiki mbili kiangazi. Pangaboi liwe angalau mita 2.3 kutoka sakafuni. Arusha tatizo hugeuka. Juni hadi Agosti watu hufunga kila kitu kwa sababu ya baridi, na kufika saa 6 mchana chumba kizima kinasinzia na vichwa vinauma. Acha matundu ya juu wazi, funga ya chini.

Chini ya bati, dari ni lazima. Bila dari mchana ni tanuri, na mvua ikinyesha simu haisikiki.

Meza ikae ubavu kwa dirisha. Ukilitazama dirisha macho yanachoka. Ukilipa mgongo, skrini inameta. Dirisha ambalo ukingo wake wa juu uko mita 2.1 huangaza mita 4 hadi 5 ndani. Zaidi ya hapo weka makabati na printa, usiweke watu. Fundi seremala mwambie meza iwe inchi 28 hadi 29. Ikizidi hapo mabega yanapanda siku nzima, na mtu mfupi atahitaji kibao cha kuwekea miguu.

Mimea ije mwisho. Vyungu vichache havisafishi hewa ya ofisi. Faida yake ni kupumzisha macho, na hilo si dogo. Anza na masale, yale yale ya mipaka ya kihamba (shamba la ukoo) na ya kuombea msamaha Uchagani. Hustahimili kivuli kwa sababu asili yake ni chini ya miti mikubwa. Kata shina la sentimita 25, lichomeke kwenye chungu chenye matundu: udongo sehemu 2, samadi iliyooza 1, mchanga 1. Mwagilia pale tu kidole kikizama hadi kiungo cha pili kikakuta pakavu. Maji yakituama kwenye kisahani, mizizi inaoza na mbu wanazaliana.

Ncha za majani zikiwa kahawia, usikimbilie kuongeza maji. Masale hayapatani na floridi, madini yaliyoyeyuka kwenye maji, na maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi, hiyo hiyo inayotia meno rangi. Kuchemsha hakuiondoi. Tumia maji ya mvua: bati la mita za mraba 50 likipata milimita 10 hutoa karibu lita 400 baada ya yanayopotea. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache imwagike, imebeba vumbi la paa zima.