Kutambua na kusajili sarafu ya kale iliyookotwa shambani Uingereza

Usiisugue. Brashi ya waya hung'oa maandishi pamoja na kutu. Pima uzito hadi gramu 0.01 na kipenyo kwa milimita, kisha piga picha pande zote mbili, mwanga ukitokea ubavuni.

Kichwa chenye taji la miale ni cha Kirumi, mara nyingi karne ya 3. Peni ya fedha yenye msalaba wa mistari miwili: mikono ikiishia ndani ya duara la maandishi, ni ya 1180–1247, ikifika ukingoni, 1247–1279. Iliyokatwa nusu si mbovu, ilikuwa chenji.

Andika gridi ya mahali, yaani namba ya ramani inayoonyesha ulipoiokota, angalau tarakimu 8. “Karibu na kijiji” haisaidii mtu. Sarafu 2 au zaidi za dhahabu au fedha zenye miaka 300 na ushei, zilizokutwa pamoja, ziripotiwe ndani ya siku 14 kwa mchunguzi wa vifo. Ajabu, lakini ndivyo sheria ya hazina ya 1996 isemavyo.