Kabla hujaposti stori yako ya Harry Potter, pitia haya kwanza

Juzi nasoma stori aliyojitungia shabiki mwenzetu kuhusu Harry Potter, yule mchawi wa vitabuni, ya Kiswahili kabisa, imeandikwa kwa moyo, Harry yuko stesheni ya King's Cross, London, anaagana na mwanae, machozi yananilenga, mara naambiwa treni inaondoka saa kumi na moja. Stimu zikakata hapohapo. Treni ya kwenda Hogwarts, ile shule ya uchawi, inaondoka tarehe 1 Septemba saa tano asubuhi na mwandishi najua anajua, ila kaiona 11 kwenye kitabu cha Kiingereza akaibeba kama ilivyo bila kugeuza. Inauma jamani, kurasa nzuri vile zimeharibiwa na kitu kidogo.

Kwahiyo anza na saa. Tafuta kila palipotajwa saa, igeuze, halafu soma sentensi kwa sauti. Ukimaliza angalia jua. Sisi tumezoea linazama saa kumi na mbili na ushee mwaka mzima, lakini Hogwarts iko Scotland, kule Desemba giza linaanza kuingia kama saa kumi jioni na Juni saa nne usiku bado kuna mwanga. Ukiandika watoto wamemaliza mitihani mwezi wa sita wakatoroka gizani saa mbili usiku, giza hilo halipo, mwalimu yeyote aliyesimama dirishani anawaona. Wasogeze mpaka usiku wa manane.

Halafu undugu, na hapa ndo naumia zaidi maana maneno tunayo yote. Karibu kila stori Petunia, yule aliyemlea Harry, anaitwa shangazi. Shangazi kivipi? Shangazi ni dada wa baba, Petunia ni dada wa Lily, mama yake Harry, tena mkubwa, kwahiyo kwa Harry ni mama mkubwa, na mumewe Vernon ni baba mkubwa, sio mjomba. Shangazi humo ndani ni Marge, dada yake Vernon. Sasa hebu isome upya: mama mkubwa, yule ambaye kwetu ukifiwa na mama ndo mama yako, anamlaza mtoto wa marehemu mdogo wake kwenye kistoo chini ya ngazi. Unaona uzito wake? Shangazi haliwezi kukupa hiyo.

Pesa na umri ni vya kuandika kwenye karatasi ukabandika ukutani basi. Pesa za wachawi: Galleon 1 ni Sickle 17, Sickle 1 ni Knut 29, na fimbo ya uchawi ya Harry ilinunuliwa Galleon 7, pimia bei zako hapo. Harry kazaliwa 31 Julai 1980, rafiki yake Hermione 19 Septemba 1979, yaani Hermione ni mkubwa kwa miezi kumi na kitu, usimfanye mdogo kwa Harry.

Wanaoileta stori nyumbani kupitia Uagadou, ile shule ya uchawi ya Uganda kwenye Milima ya Mwezi, nawapenda sana ila naomba mtoe simba na nyasi kavu kwenye ua wa shule. Milima hiyo ni Rwenzori. Kule ni mvua, ukungu, matope ya kuzama goti, mianzi, mimea ya lobelia iliyosimama kama nguzo, na juu kabisa kilele cha Margherita, mita 5,109, kuna barafu. Wakonjo, wenyeji wa huko, wanaiita theluji nzururu, litumie hilo neno. Na usimpe bibi wa kijijini Kasese, chini ya milima hiyo, Kiswahili cha Tanga. Jua lake linachomoza karibu saa moja, sio saa kumi na mbili. Wanafunzi wa Uagadou wanaroga kwa mikono, kwahiyo akidondosha fimbo akashindwa kujitetea utakuwa umekosea.

Ukishamaliza mpe mtu mmoja mbishi anayezijua hizi hadithi asome na kalamu mkononi. Akikukosoa usinune. Hata vitabu vyenyewe vilikosea: kitabu cha 4, cha mwaka 2000, kina pale marehemu wanatoka kwenye fimbo ya Voldemort, mchawi aliyewaua wazazi wa Harry, aliyekufa mwisho anatangulia, Lily alikufa baada ya James, baba yake Harry, lakini chapa za mwanzo zilimtoa James kwanza, na baadaye ikarekebishwa. Na wewe rudi kwenye sura yako, badilisha hiyo saa, badilisha huyo shangazi, halafu tupe sura inayofuata maana tunaisubiri.